Chumba cha mama mkwe kimejaa nyuzi zangu za kufumia

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia kutoka Mafinga, ambako mimi na mume wangu tumeishi tangu tulipooana. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwenzangu anafanya biashara ya mbao, na Mungu ametujalia watoto ambao sasa wako shule za bweni. Ninayaeleza haya mapema ili usidhani kwamba nyumba yangu ina ugomvi mkubwa. Jambo langu ni dogo kwa kulitazama, lakini limeninyima raha tangu lilipoanza kuzungumzwa mezani kwetu.

Ninapenda nyuzi za kufumia. Ninafuma pia, kwa sindano mbili na kwa kroshia, na watoto wangu wote walivaa masweta ya mkono wangu walipokuwa wadogo, ila ninachokipenda hasa ni uzi wenyewe. Nikiingia katika duka la vifaa vya ushonaji pale Iringa mjini nikaliona donge la rangi ambayo sina, siwezi kuondoka bila kulishika, na nikilishika ni vigumu kuliacha. Mume wangu akienda Mbeya kwa shughuli zake hupitia Mwanjelwa na kuniletea madonge mawili matatu, naye hucheka anaponikabidhi. Siku za mnada ninachambua masweta ya mitumba, ninatafuta la kufumua. Nalitazama kwanza kwa ndani, kwenye mishono ya ubavuni, nijue kama lilifumwa kwa vipande vikaunganishwa au lilikatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, maana lile la ovaloki ukilifumua linakupa vipande vifupi tu visivyo na kazi. Likiwa zuri nalifumua jioni, nauzungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, naufua kwa maji ya vuguvugu, nautundika na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke, kisha naukunja donge jipya. Sijui kazi nyingine inayonituliza baada ya siku nzima ya kusahihisha mitihani.

Nyuzi hizo ziko katika chumba chetu cha nyuma, ndani ya matranka, kabati moja na viroba kadhaa. Nimezipanga kwa rangi, kuanzia nyeupe na rangi ya maziwa, kupitia haradali na kutu, hadi damu ya mzee, ugoro na nyeusi. Mara nyingine ninaingia humo, ninafungua kabati, ninazitazama na kuzigusa, nikitoka nimepumzika. Fedha ninazozitumia zinatoka katika mshahara wangu, mume wangu anazijua, na hakuna ada iliyowahi kucheleweshwa kwa ajili ya uzi.

Sasa mama mkwe, ambaye anaishi kijijini Iringa Vijijini, anasumbuliwa na magoti na hawezi tena kukaa peke yake. Tumekubaliana aje kwetu kabla ya baridi ya Juni, na chumba kinachomfaa ni hicho, kwa sababu kiko karibu na choo na hakina ngazi. Mume wangu aliniambia bila ukali wowote, “Mama, hizo nyuzi itabidi tuzitafutie pa kwenda.”

Wiki hiyohiyo binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha nne na anayeishi nasi, akaja na ombi. Mimi ndiye niliyemfundisha kufuma, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Ana rafiki ambaye mama yake ana mashine ya kufumia, na wanataka kuanza biashara ya masweta msimu huu wa baridi. Akaniambia, “Mama mdogo, nyuzi hizi umeziweka miaka yote bila kuzitumia. Naomba unipe nianzie mtaji, nikiuza nitakurudishia.” Nilimjibu asubiri kwanza. Aliinamisha uso, akasema, “Sawa, mama mdogo,” na tangu siku hiyo hajaligusia tena.

Mume wangu anaona Mungu ametupa jibu moja kwa maswali mawili: chumba kitakuwa wazi na binti atapata mtaji. Dada yangu kwa simu anasema vivyo hivyo. Wote wamekubaliana isipokuwa mimi, nami sina hoja ya kuwapa. Laiti nyuzi hizo zingekuwa urithi wa marehemu mama yangu, wangenielewa, lakini nilizinunua mwenyewe kwa sababu zilikuwa nzuri. Nikifikiria kabati lile likiwa tupu, ninahisi kunyang’anywa, kisha ninaona aibu kwamba nimemnyima mtoto wa dada yangu kitu ambacho sikitumii. Je, Shangazi, huu ni uchoyo? Au ni ugonjwa wa kurundika vitu? Na nifanye nini kabla mama hajafika?

Mama wa Nyuzi, Mafinga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na kamwene.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninadhani ndani yake kuna mambo matatu ambayo yamefungwa pamoja kwa sababu yamefika wiki moja. Kuna chumba cha mama mkwe, ambacho kina tarehe. Kuna ombi la binti wa dada yako, ambalo halina tarehe kali kama unavyolihisi, ingawa msimu wa baridi unalisukuma. Na kuna swali lako mwenyewe, kama mtu mwenye akili timamu anaweza kupenda uzi kwa ajili ya uzi. Wenzako nyumbani wameyajibu mawili ya kwanza kwa jibu moja, na la tatu hawakulisikia kwa sababu hukulisema. Nitalianza hilo.

Unasema nyuzi hizo huzitumii. Nimejiuliza kama ni kweli. Unazichagua, unazifumua, unazifua, unazikunja, unazipanga kwa rangi na unaingia kuzitazama ukitoka umepumzika. Kukusanya nyuzi na kufuma ni mapenzi mawili yanayokaa jirani, na wafumaji wengi, huko kwingine duniani kama hapa kwetu, wanayo yote mawili bila moja kumaliza lingine. Aliyekuambia kwamba uzi ambao haujawa sweta umepotea bure ni nani? Huenda hakuna aliyekuambia, ni wewe uliyelichukua neno la binti ukalifanya hukumu. Binti alisema anachokiona kwa macho yake ya miaka hiyo, naye anaona mtaji. Hakukosea, lakini si lazima macho yake yawe yako.

Vilevile katika kuweka akiba ya uzi kuna busara ambayo mtu asiyefuma haioni. Sweta la mtu mzima kwa uzi wa unene wa kati hula kati ya gramu 400 na 600 hivi, na kroshia kwa kawaida hula zaidi ya sindano mbili kwa kipande cha ukubwa uleule. Viwandani uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na karatasi ya donge huwa na namba ya mkupuo huo, kwa sababu bluu ya mkupuo huu na bluu ya mkupuo ujao zinaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ndogo hujitokeza kama mstari katikati ya mgongo wa sweta. Mtu anayeishi Mafinga, ambako rangi ikiisha dukani huenda isirudi tena, akinunua madonge yote matano alipoyaona, simwiti mgonjwa. Waeleze mume wako na dada yako jambo hili. Hujawahi kuwapa hoja kwa sababu ulidhani huna.

Kuhusu neno “ugonjwa”, mimi si daktari, lakini ninaweza kukuambia ninachokitazama mtu anaponiuliza hivyo. Ninatazama kama fedha za chakula na ada zinaguswa, kama manunuzi yanafichwa, kama vyumba vya kulala na njia za kupita vimezibwa, na kama mtu anapata uchungu badala ya furaha mbele ya vitu vyake. Kwa maelezo yako, matatu ya mwanzo hayapo, maana chumba kile hakikuwa na mtu na fedha ziko wazi. Hilo la nne peke yake ndilo ningependa ulipime ukiwa umetulia. Umeandika kwamba ukifikiria kabati tupu unahisi kunyang’anywa. Je, ni kabati lote, au kuna sehemu yake? Ukiniambia ni lote, hadi kile kiroba cha mabaki ambacho hujakifungua tangu mwaka juzi, basi huenda uzi umeanza kubeba mzigo mwingine, labda uchovu wa kazi, labda ukimya wa nyumba tangu watoto waende bweni, na mzigo huo unahitaji kuzungumzwa kwa jina lake. Sisemi ndivyo ilivyo. Ninakuomba tu ulitazame.

Ndiyo maana ningependelea, kabla hujamjibu mtu yeyote, uingie katika chumba kile siku ya mapumziko na kuzipanga upya nyuzi zako kwa aina na kiasi badala ya rangi. Umezizungumzia kana kwamba ni kitu kimoja, na sidhani ni kitu kimoja. Kuna akriliki za dukani, yaani nyuzi za viwandani zisizo za asili, zilizo na karatasi zake, kuna pamba za vitambaa vya makochi, kuna sufu uliyoifumua kutoka mitumba, na kuna vidonge vya mabaki. Zile za mitumba ambazo huna uhakika nazo, kata kipande kifupi ukichome juu ya sahani ya bati: sufu itanuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopukutika, pamba itanuka kama karatasi, na akriliki itayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Maarifa hayo yana faida kubwa kwa lile linalofuata, yaani mahali pa kuziweka.

Nondo wa nguo, au kwa usahihi viwavi wake, hula sufu na nyuzi nyingine zitokanazo na wanyama. Akriliki na pamba safi hawazitamani. Kwa hiyo akriliki zako zinaweza kuvumilia mahali ambapo usingethubutu kuweka sufu, hata juu ya dari, mradi pasiwe na joto kali wala mvujo, na unyevu wa ukungu wa Mafinga uzuiwe kwa mifuko iliyofungwa vizuri. Sufu ifuliwe, ikaushwe kabisa, na ifungiwe ndani ya vyombo vya plastiki vyenye mifuniko inayobana, nawe uwe unaifungua na kuikagua mara kwa mara. Usiweke vidonge vya dawa ya nondo katika chumba atakacholala mama. Harufu yake ina sumu inayodhuru ikivutwa kila usiku ndani ya chumba kilichofungwa kwa baridi, na wajukuu wakirudi likizo wanaweza kuvidhania pipi.

Lakini ni nani aliyesema kwamba nyuzi zote lazima zitoke katika chumba kile? Mume wako alisema, na ana haki ya kumwandalia mama yake nafasi ya heshima. Mama mwenyewe hajaulizwa. Wanawake wengi wa kijijini Iringa wa umri wake wamefuma vikapu maisha yao yote, na mtu aliyekausha milulu na kuihifadhi mpaka siku ya kuisuka hatashangaa kuona kabati la nyuzi kama anavyoshangaa mfanyabiashara wa mbao. Huenda akalipenda. Huenda pia akanyamaza kwa adabu huku moyoni akijiona mgeni ndani ya ghala la mkwewe, na hiyo ndiyo hatari ya njia hii, kwa sababu mkwe haombi chumba kipunguzwe vitu. Ukiamua kumuuliza, mtume mume wako, au muulize yeye mwenyewe kwa namna inayompa nafasi ya kusema hapana bila kukuvunjia heshima. Kabati moja lililofungwa ukutani ni jambo moja, na viroba miguuni mwa kitanda cha mtu mwenye magoti mabaya ni jambo jingine kabisa. Viroba hivyo nadhani hata wewe hutavitetea.

Sasa tuje kwa binti. Ameomba mtaji, na wewe umesikia akiliomba kabati. Ningependa kwanza ajue anachokiomba, kwa sababu nina wasiwasi kwamba nyuzi zako hazifai kwa biashara aliyoielezea. Masweta yanayouzika kwa wingi Mafinga, Njombe au Makete ni ya shule, na sweta la shule linataka rangi moja, tena rangi ya shule hiyo, kwa kilo nyingi za uzi unaofanana. Wewe una rangi nyingi kwa kiasi kidogo kidogo, na hata mashine ya rafiki yake haipokei kila unene wa uzi. Masweta ya watu wazima yatashindana na mitumba, ambayo huuzwa kwa bei ndogo kuliko gharama ya uzi peke yake. Seti za watoto wachanga, yaani sweta, kofia na soksi, ni jambo tofauti: gramu 150 hadi 200 hivi hutosha, rangi mbalimbali ni sifa, na mama anayekwenda kujifungua katika baridi ya Julai hutafuta kitu kipya, si mtumba. Kaeni mezani pamoja, aandike ni seti ngapi anaweza kuzifuma kwa wiki, uzi kiasi gani, auze wapi na kwa bei gani. Wewe ni mwalimu, hilo unaliweza. Inawezekana akaishia kuhitaji kiroba kimoja tu cha akriliki laini na fedha kidogo, nawe ukagundua kwamba ulikuwa unaogopa ombi kubwa kuliko lile lililokuwapo.

Baada ya hesabu hiyo mna njia kadhaa. Unaweza kumpa kama zawadi, na ukimpa hivyo, mpe kitu ambacho moyo wako umekiachia kweli, maana zawadi iliyotolewa kwa shinikizo la wote hurudi baadaye kama masimango, na binti anayeishi chini ya paa lako hana pa kuyakimbilia. Unaweza kumkopesha uzi kwa bei uliyonunulia, jambo litakalomfundisha biashara, ingawa biashara ikifa deni litabaki kati yenu na litamfikia dada yako kwa simu. Unaweza kuingia naye ubia: uzi wako, mikono yake, mgawanyo ulioandikwa. Njia hiyo ina mvuto wake, kwa sababu utaendelea kuchagua nyuzi, safari hii kwa ajili ya kazi, lakini nina hofu nayo kidogo. Kitu kinachokutuliza jioni kikigeuka kuwa bidhaa, unaweza kujikuta ukihesabu faida mahali ulipokuwa ukipumzika. Wako wanaofurahia mabadiliko hayo na wako wanaoyajutia; wewe unajijua kuliko ninavyokujua.

Unaweza pia kumkatalia. Hilo nalo ni lako, kwa kuwa ulizinunua kwa jasho lako. Ila usimwache na lile neno “subiri”. Alipoinamisha uso, sidhani alikuwa akihuzunikia uzi pekee. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayekaa kwa mama mdogo akisubiri maisha yake yaanze, alikuwa amekuletea mpango wake wa kwanza wa mtu mzima, kwa ufundi uliompa wewe mwenyewe. Anaweza kuvumilia kunyimwa kabati, akijua kwamba mpango wake umesikilizwa na kuchukuliwa kwa uzito.

Kwa vile vidonge vidogo vya mabaki, ambavyo havimtoshi yeye wala havikupi raha wewe, kofia ya mtoto mchanga haifiki gramu 50, na watoto njiti huhitaji kufunikwa kichwa ili wasipoteze joto. Zungumza kwanza na muuguzi msimamizi wa wadi ya wazazi iliyo karibu nawe, akuambie kama wanazipokea, kwa ukubwa gani na ziwe za uzi gani, maana kila wadi ina utaratibu wake wa usafi.

Umeniandikia kwamba wangekuelewa kama zingekuwa urithi wa marehemu. Mwanangu, ulizipenda kwa sababu ni nzuri, na kwangu hiyo ni sababu kamili. Rangi ya damu ya mzee ikikaa karibu na ugoro ndani ya kabati safi ni kitu cha kufurahisha macho, na mwanamke anayesimama darasani siku nzima ana haki ya kuwa na kitu cha kufurahisha macho yake. Sema hivyo nyumbani, kwa maneno hayohayo. Mume anayepitia Mwanjelwa kukununulia uzi huku akicheka tayari anakuelewa kwa sehemu kubwa, na nadhani anaposikia kwamba unahisi kunyang’anywa atashangaa, kwa kuwa alidhani anakutatulia tatizo.

Ukishapanga nyuzi kwa aina, na kabla hujamwita binti chumbani, tenga zile ambazo hazitoki. Usizitolee maelezo mengi, ziwe nyingi au chache kadiri moyo utakavyokuambia, zifungie upande wake. Kisha mwambie tangu mwanzo kwamba hizo haziombwi, na hizi nyingine mtazizungumza pamoja kwa hesabu. Binti akianza kuchagua ndipo umzuie mkono, ataumia kuliko akiambiwa mapema, na wewe utaumia kumwona.

Ni mimi, Shangazi yako.